Miaka 23, mechi 12 za testi: jinsi ya kuisoma safari ya mcheza kriketi wa kike

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2025, katika uwanja wa DY Patil, Navi Mumbai, wanawake wa India waliishinda Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kulitwaa Kombe la Dunia la kriketi kwa mara yao ya kwanza. Vipande vya video vya usiku ule vimefika hadi kwenye simu zetu hapa Zanzibar, na kimoja kinawachanganya wengi wanaokitazama. Wachezaji waliokwisha kuvishwa medali wanawafuata wanawake ambao hata jezi ya mechi hawakuivaa, wanawakabidhi kombe walinyanyue, na machozi yanawatoka wote. Mmoja wa wanawake hao ni Mithali Raj, nahodha wa zamani wa India. Alistaafu mwaka 2022, na katika mashindano yale hakugusa hata mpira mmoja.

Kwa nini basi apewe kombe? Anayekwenda kumtafuta mtandaoni hutoka na maswali zaidi ya aliyoingia nayo. Hesabu za maisha yake ya uwanjani zimegawika safu tatu: mechi 12 hapa, 232 pale, 89 kwengine. Ukizitazama hizo 12 pembeni ya mechi 200 za Sachin Tendulkar, mwanamume wa nchi hiyo hiyo, utadhani Mithali alipita njia tu. Kumbe alidumu takriban miaka 23 katika timu ya taifa. Namba zote hizo ni sahihi. Tatizo ni kwamba hatujafundishwa kuzisoma.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mtoto wa kike aliyekulia Unguja au Pemba anaijua rede: wawili wanasimama ncha mbili na mpira, na aliye katikati anajitahidi asipigwe huku hesabu yake ikipanda. Kriketi imejengwa juu ya msingi huo huo wa kubaki mchezoni na kuhesabu. Ila mpigaji wa kriketi haukwepi mpira. Anaupiga kwa gongo bapa la mti, na nyuma yake vimesimamishwa vijiti vitatu ambavyo kazi yake ni kuvilinda. Vijiti hivyo ndiyo wiketi.

Akishaupiga, anakimbilia ncha ya pili, naye mwenzake aliyekuwa huko anakuja upande wake. Kila wakibadilishana ncha salama wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani kwa kuburura chini ni mikimbio minne, na ukiuvuka mpaka hewani ni sita. Anatolewa mpira ukiviangusha vijiti vyake, ukidakwa kabla haujagusa ardhi, au wapinzani wakiwahi kuvipiga vijiti kabla hajafika anakokwenda. Mipira sita ni ova moja. Timu ina watu 11, na kumi wakishatolewa, zamu imekwisha. Zipo njia nyengine za kutolewa na kanuni nyingi zaidi, lakini hizi zinatosha kukupitisha mechi nzima bila kupotea.

Mkanganyiko mkubwa unatokana na urefu wa mechi. Kriketi ya kimataifa huchezwa kwa urefu wa aina tatu, na kila aina ina daftari lake. Ya kwanza ni testi, ambayo wanaume huicheza siku tano na wanawake kwa kawaida siku nne, kila timu ikipiga mara mbili. Ya pili ni mechi ya siku moja, ambapo kila timu hupewa ova 50, yaani mipira 300. Kombe lile la Navi Mumbai lilikuwa la aina hii. Ya tatu ni T20, ova 20 kwa kila timu, na huisha ndani ya saa tatu hivi. Kwa hiyo mchezaji mmoja ana rekodi tatu, na anaweza kustaafu aina moja akabaki na nyengine. Ukisoma mahali kwamba Mithali alistaafu 2019, na pahali pengine kwamba alistaafu 2022, wote wawili wamesema kweli. Septemba 2019 aliiacha T20, na Juni 2022 akaacha zote.

Msichana wa miaka 16

Mithali alizaliwa Desemba 1982 huko Jodhpur na kukulia Hyderabad, baba yake akiwa mtumishi wa jeshi la anga. Alipokuwa mdogo alifundishwa ngoma ya jadi ya Bharatanatyam, na kriketi alianza akiwa na miaka kumi. Juni 1999, akiwa na miaka 16, aliingia kwa mara ya kwanza kuichezea India katika mechi ya siku moja dhidi ya Ireland, mjini Milton Keynes, Uingereza. Alipiga mikimbio 114 na hakutolewa. Wako waliocheza miaka kumi bila kufikisha mia hata mara moja. Yeye aliifikisha siku ya kwanza.

Testi yake ya kwanza ilikuwa Januari 2002, Lucknow, dhidi ya England. Huko alitolewa kwa sifuri. Agosti ya mwaka huo huo, katika testi yake ya tatu, mjini Taunton, alisimama kwa mipira 407 na kupiga 214, ambazo wakati ule zilikuwa nyingi kuliko zote zilizowahi kupigwa na mwanamke mmoja katika testi. Alikuwa na miaka 19.

Msomaji wa kawaida hapa angetarajia kwamba msichana wa namna hiyo sasa atapangiwa testi tano au sita kila mwaka, kama anavyopangiwa kijana wa kiume mwenye kipaji. Haikuwa hivyo. Baada ya Agosti 2006 timu ya wanawake ya India haikucheza testi hata moja mpaka Agosti 2014. Miaka minane. Mithali alikuwa na miaka 23 mlango ulipofungwa na 31 ulipofunguliwa, na huo ndio umri ambao mpigaji huwa katika ubora wake. Baada ya mwaka 2014 mlango ukafungwa tena hadi Juni 2021. Alipostaafu alikuwa amecheza testi 12. Jhulan Goswami, mrushaji mpira wa kasi aliyecheza naye miaka yote hiyo na ambaye ana wiketi 255 za mechi za siku moja, yaani amewatoa wapigaji mara 255, naye ana testi 12.

Hizo 12, kwa maana hiyo, zinatueleza habari za waliopanga ratiba. Hazipimi uwezo wa wanawake hao wawili hata kidogo. Ningependa kila anayezilinganisha na 200 za Tendulkar akumbuke kwamba mchezaji hajipangii mechi. Chama cha kriketi cha nchi ndicho kinachokubaliana na chama cha nchi nyengine, kinalipa safari, kinatafuta uwanja na kuuza matangazo. Chama kikisema hakuna testi ya wanawake mwaka huu, hata aliyepiga 214 atakaa nyumbani.

Mfano ulio mkali zaidi uko Pakistan. Machi 2004, mjini Karachi, Kiran Baluch alipiga 242 dhidi ya West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, na kuivunja rekodi ya Mithali. Ile ndiyo testi ya mwisho ambayo wanawake wa Pakistan walicheza. Mwaka uliofuata akaingia timuni Sana Mir, ambaye baadaye akawa nahodha, akashika nafasi ya kwanza duniani kati ya warushaji wa mechi za siku moja mwaka 2018, akacheza mechi 226 za kimataifa, na mwaka 2025 akaingizwa katika orodha ya heshima ya Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Safu yake ya testi ni tupu. Hakukuwa na testi ya kucheza.

Kwa wanawake wa kizazi kile, basi, safu ya kuanzia kuisoma ni ya mechi za siku moja, kwa sababu ndizo walizopewa kwa wingi kidogo. Mithali ana mechi 232 na mikimbio 7,805. Pembeni ya namba hiyo utaona nyengine, 50.68, ambayo ni wastani. Hupatikana kwa kugawa mikimbio yote kwa idadi ya mara alizotolewa. Alitolewa mara 154. Zamu nyengine 57 zilikwisha yeye bado amesimama. Kwa maneno mengine, kumtoa kuliwagharimu wapinzani mikimbio hamsini kila mara. Hakuna haja ya kuubandika wastani huo juu ya wa wanaume na kuanza kubishana, maana mpira wa wanawake ni mwepesi kidogo, mpaka wa uwanja uko karibu zaidi na warushaji wana kasi tofauti. Mpime kwa wanawake wenzake wa zama zake, na hapo utaona kwamba alipostaafu hakuna aliyekuwa na mikimbio mingi kuliko yeye katika mechi za siku moja.

Safu ya T20 inahitaji jicho jengine kabisa. Katika aina hiyo muda ni mchache, na anayepiga polepole anaweza kuiponza timu hata kama hatolewi. Mithali alilaumiwa kwa hilo. Katika Kombe la Dunia la T20 la Novemba 2018, huko Karibi, alipiga zaidi ya 50 dhidi ya Pakistan na dhidi ya Ireland, kisha akaachwa benchi katika nusu fainali na England. India ilifungwa kwa wiketi nane, yaani England walizipita hesabu zake wakiwa wametolewa wawili tu kati ya kumi. Mpaka leo watu wanagombana juu ya uamuzi ule, na mimi nipo upande wa wanaosema alistahili kucheza, ingawa ninaielewa hoja ya pili: sifa ya kusimama muda mrefu, ambayo katika testi ni dhahabu, katika T20 inaweza kugeuka mzigo.

Tukirudi kwenye lile kombe: Mithali aliongoza India kama nahodha katika fainali mbili za Kombe la Dunia. Mwaka 2005 walifungwa na Australia kwa mikimbio 98, na mwaka 2017, katika uwanja wa Lord's, London, walifungwa na England kwa mikimbio tisa tu. Alicheza Kombe la Dunia mara sita, la kwanza mwaka 2000 na la mwisho 2022, bila kulipata. Wanaolia naye kwenye ile video, wengine walikuwa hawajaanza skuli alipopiga zile 214.

Yanayosemwa maskani

Lipo dai kwamba kriketi ya wanawake ni jambo la juzi, lililoigwa kutoka kwa wanaume. Tarehe zinalikataa. Testi ya kwanza ya wanawake ilichezwa Brisbane, Desemba 1934, kati ya Australia na England. Kombe la Dunia la kwanza katika historia ya kriketi lilikuwa la wanawake, mwaka 1973 nchini Uingereza. Wanaume walipata lao 1975. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya T20 ilikuwa ya wanawake, England na New Zealand, Agosti 2004, na wanaume wakafuata Februari 2005. Hata mikimbio 200 ya mtu mmoja katika mechi ya siku moja, ambayo Tendulkar alishangiliwa dunia nzima alipoifikisha Februari 2010, Belinda Clark wa Australia alikwisha kuipita Desemba 1997, alipopiga 229 bila kutolewa dhidi ya Denmark. Alifanya hivyo Mumbai, mji wa Tendulkar mwenyewe.

Dai jengine ni la pesa: kwamba siku hizi wanalipwa sawa, kwa hiyo kesi imekwisha. Ni kweli kwamba Oktoba 2022 chama cha kriketi cha India kilitangaza posho sawa ya mechi kwa wanaume na wanawake: rupia 1,500,000 kwa testi, 600,000 kwa mechi ya siku moja na 300,000 kwa T20. Lakini posho ya mechi ni sehemu moja tu ya pato. Ipo mikataba ya mwaka, na wakati ule daraja la juu la wanaume lilikuwa rupia milioni 70, la wanawake milioni 5. Halafu zidisha posho sawa kwa idadi ya mechi isiyo sawa uone utakachopata. Ratiba ile ile iliyompa Mithali testi 12 ndiyo inayoamua pia nani anarudi nyumbani na nini. Yeye na wenzake wengi walichezea timu ya Shirika la Reli la India, lililokuwa likiwaajiri wanamichezo, na mikataba ya mwaka kwa wanawake ilianza 2015, Mithali akiwa amekwisha kutimiza miaka 16 ndani ya timu ya taifa. Ligi mpya ya wanawake iliyoanza 2023 imebadilisha hali kwa wachache walio juu. Katika mnada wake wa kwanza Smriti Mandhana, mpigaji wa India, alinunuliwa kwa rupia milioni 34. Mithali alikuwa amekwisha kustaafu.

La tatu linatuhusu sisi zaidi, nalo ni la mavazi. Wazazi wengi wa hapa wanaogopa michezo ya wasichana kwa sababu ya nguo, na hofu hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa ndiyo inayowarudisha watoto nyumbani kabla hata hawajajaribu. Kriketi ni miongoni mwa michezo ambayo hofu hiyo haina pa kushika. Sare yake ya kawaida ni suruali ndefu, na wengi huvaa mikono mirefu kwa ajili ya jua. Abtaha Maqsood, mrushaji wa Scotland, anacheza na hijabu yake, na alikuwemo katika kikosi cha nchi hiyo kwenye Kombe la Dunia la T20 la mwaka 2024, huko Falme za Kiarabu. Hakuna kanuni inayomzuia.

Na kuna lile la kwamba kriketi ni mchezo wa Wahindi. Kwa Zanzibar, chanzo cha wazo hilo kinajulikana: enzi za Waingereza mchezo huu ulikuwa wa maofisa wao na wa jumuiya za Kihindi za mjini, na viwanja vya Mnazi Mmoja viliuona sana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi kati ya hizo zikaondoka na mchezo ukafifia. Hapo Bara, hata hivyo, wasichana Waafrika wameuchukua. Tarehe 1 Julai 2018 ICC ilitoa hadhi kamili ya kimataifa kwa kila mechi ya T20 kati ya timu za wanawake za nchi wanachama, na Tanzania ni mwanachama tangu 2001. Maana yake ni kwamba msichana wa Tanzania anayeshuka uwanjani Kigali kwenye mashindano ya Kwibuka anaingia katika daftari lile lile alimo Mithali. Fatuma Kibasu yumo, na ana mikimbio mia na zaidi katika mechi moja, jambo ambalo Mithali mwenyewe hakulifikia katika T20.

Hapo pia panahitaji kusomwa kwa uangalifu. Juni 2019 Tanzania, Kibasu akiwemo, ilipiga mikimbio 285 dhidi ya Mali na kushinda kwa tofauti ya 268. Mali walikuwa ndio kwanza wanaingia katika mchezo, na mechi hiyo ilihesabiwa kuwa ya kimataifa sawa na ya Australia na India. Simwondolei Kibasu sifa yake hata chembe. Nasema tu kwamba neno kimataifa linaeleza hadhi ya mechi, na ugumu wake lazima uutafute kwa kuangalia nani alikuwa upande wa pili. Jirani zetu wa Rwanda walionyesha hilo vizuri Januari 2023 katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19, Afrika Kusini, walipowafunga Zimbabwe kisha West Indies, timu yenye historia ndefu kuliko yao kwa mbali.

Msichana wa hapa atavaa jezi gani?

Swali hili huulizwa kila tunapozungumza michezo, na majibu hutofautiana kwa kila mchezo. Katika soka tuna Zanzibar Heroes na Zanzibar Queens wanaocheza mashindano ya CECAFA. CAF ilitupokea Machi 2017 na kutuondoa Julai mwaka ule ule. Katika ICC mwanachama ni Tanzania peke yake, kwa hiyo mcheza kriketi wa Zanzibar huvaa jezi ya Tanzania. Kriketi yenyewe ina historia ya kuzichanganya na kuzitenganisha nchi. Jamaica na Trinidad na Tobago zilicheza Kombe la Dunia la wanawake la 1973 kila mmoja kwa jina lake, na leo wachezaji wao wote ni wa West Indies. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022, Birmingham, Barbados ilicheza kriketi ya wanawake kwa jina lake yenyewe.

Kwa msichana wa Makunduchi au Wete, jezi ni swali la mwisho kabisa. Kabla yake kuna la uwanja. Njia ya kurushia mpira ina urefu wa mita 20 na kidogo, na kwa kufundishia si lazima iwe ya udongo ulioshindiliwa kitaalamu. Sehemu nyingi duniani humwaga zege na kutandika mkeka juu yake, na uwanja wa soka wa skuli ukabaki ulivyo. Baada ya hapo ni mwalimu anayejua kufundisha kurusha mpira kwa mkono ulionyooka, kwa kuwa anayeukunja na kuunyoosha anaporusha huadhibiwa, na tabia hiyo ikishaota utotoni ni kazi kuing'oa. Kisha vifaa: gongo, pedi za miguu, glavu na kofia ngumu, ambavyo timu nzima inaweza kuchangia seti mbili, maana wapigaji walio uwanjani kwa wakati mmoja ni wawili tu.

Kisha ni mechi, na hapa ndipo nawaomba wanaosimamia michezo ya skuli zetu wanisikilize. Mithali alikuwa na kila kitu, kipaji, mwalimu na familia iliyomuunga mkono, na bado miaka minane ilipita bila testi kwa sababu hakuna aliyeipanga. Tukiwafundisha wasichana wetu kriketi tukawaachia mechi mbili kwa mwaka, ya ufunguzi mgeni rasmi akiwepo na ya kufunga, tutakuwa tumewapa gongo bila mchezo. Skuli nne tu za wilaya moja, zikikutana kila mmoja na mwenzake nyumbani na ugenini, tayari zinaipa kila timu mechi sita kwa msimu, na mechi ya mtindo wa T20 inaanza baada ya salatul-asri siku ya Jumamosi ya kiangazi na kumalizika kabla jua halijazama ikiwa kila timu itapunguziwa hadi ova kumi na mbili.